Mwaka filamu zetu zilipoitwa jukwaani kwa majina ya wengine

NCHELENGE, Zambia

Jumapili ya Februari 18, 2018, Ziwa Mweru lilikuwa limefungwa. Kila mwaka, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, sheria ya Zambia huzuia uvuvi ili samaki wapate kuzaliana. Mji wa Kashikishi, ambao miezi mingine huishi kwa perege na chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa hili, hubaki na kazi ya kushona nyavu, kuziba nyufa za mitumbwi na kungoja Machi.

Usiku huohuo, jijini London, ukumbi wa Royal Albert Hall ulikuwa umejaa wageni waliovaa nguo nyeusi kuunga mkono wanawake walionyanyaswa katika tasnia ya filamu. Zilikuwa tuzo za 71 za BAFTA, ambazo kwa uzito wa filamu za Kiingereza zinazifuata Oscar pekee. Mshindi mkubwa alikuwa Three Billboards Outside Ebbing, Missouri, iliyoondoka na tuzo tano, ikiwamo ya filamu bora. Guillermo del Toro alichukua ya uongozaji kwa The Shape of Water, Gary Oldman ya mwigizaji bora wa kiume, Frances McDormand ya mwigizaji bora wa kike. Hayo yaliandikwa na magazeti yote ya dunia, na sina la kuongeza.

Nataka kuzungumzia majina mengine matatu yaliyotajwa usiku ule.

La kwanza ni Rungano Nyoni, mzaliwa wa Lusaka, aliyepanda jukwaani pamoja na mtayarishaji wake Emily Morgan kupokea tuzo ya kazi bora ya kwanza kwa filamu yao, I Am Not a Witch. La pili ni Daniel Kaluuya, mtoto wa Waganda aliyezaliwa na kulelewa London, aliyepewa tuzo ya nyota anayechipukia, ambayo hupigiwa kura na watazamaji wenyewe. Aliwashinda Timothée Chalamet, Florence Pugh, Josh O'Connor na Tessa Thompson. La tatu ni Raoul Peck, Mhaiti aliyelelewa kwa sehemu mjini Kinshasa baada ya wazazi wake kwenda kufanya kazi Congo mpya iliyotoka kupata uhuru. Filamu yake ya hali halisi, I Am Not Your Negro, iliyojengwa juu ya mswada ambao James Baldwin hakuumaliza, ndiyo iliyoshinda kundi lake. Peck huyuhuyu ndiye aliyetengeneza filamu mbili kuhusu Patrice Lumumba, aliyeuawa Januari 17, 1961 huko Katanga, jimbo ambalo ukisimama ufukweni Nchelenge siku isiyo na ukungu unaliona ng'ambo ya maji.

Watu watatu wenye mizizi katika kanda hii, usiku mmoja, jukwaa moja. Hakuna hata mmoja aliyetangazwa kwa jina la nchi ya kanda hii.

Ukichukua orodha nzima ya msimu ule, wa filamu za 2017, hali inazidi kuwa ya ajabu. Miongoni mwa filamu ambazo Peck alizishinda ilikuwamo Jane, ya Brett Morgen, inayohusu miaka ya mwanzo ya Jane Goodall katika msitu wa Gombe, Kigoma. Picha zake zilipigwa na Hugo van Lawick miaka ya 1960, zikadhaniwa zimepotea, hadi zilipogunduliwa kwenye hifadhi ya National Geographic mwaka 2014: zaidi ya saa 100 za Gombe zilizokaa kabatini Marekani kwa nusu karne. Upande wa Oscar, orodha fupi ya filamu tisa za lugha ya kigeni ilikuwa na Félicité, hadithi ya mwanamke wa Kinshasa inayozungumzwa Kilingala. Na kwenye orodha ya mwisho ya filamu fupi za kuigiza ilikuwapo Watu Wote, yenye jina la Kiswahili, mazungumzo ya Kiswahili na Kisomali, na hadithi ya basi la kwenda Mandera.

Zambia, Uganda, Congo, Tanzania, Kenya. Sikumbuki msimu mwingine ambao kanda ilitokea mara nyingi namna hiyo kwenye meza za majaji wa London na Hollywood. Lakini tazama zilivyofika huko: ya Lusaka ilikwenda Oscar kama filamu ya Uingereza, ya Kinshasa kama ya Senegal, ya Mandera ilitoka chuo cha Hamburg, na ya Gombe ilikuwa ya Marekani tangu mwanzo hadi mwisho.

Shula na utepe mweupe

Nianze na ya Nyoni, kwa kuwa ndiyo inayouhusu ufuko huu zaidi.

I Am Not a Witch inamhusu msichana wa takriban miaka tisa anayetuhumiwa uchawi kijijini kwa mambo ya kipuuzi kabisa: mtu ameota ndoto, mwingine amejikwaa na ndoo ya maji. Anapelekwa kwenye kambi ya wachawi, wote vikongwe isipokuwa yeye. Kila mmoja amefungwa mgongoni utepe mrefu mweupe uliozungushwa kwenye gurudumu la mbao, na wanaambiwa kwamba atakayeukata atageuka mbuzi. Vikongwe wanampa jina la Shula, ambalo filamu inalieleza kuwa na maana ya aliyeng'olewa. Ofisa wa serikali, Bwana Banda, anamfanya mtaji: anamtembeza mahakamani kuwabaini wezi, anampeleka kwenye televisheni kutangaza mayai. Watalii nao wanashuka kwenye basi kupiga picha.

Shula anaigizwa na Maggie Mulubwa, mtoto ambaye hakuwa mwigizaji wa kazi, na Banda anaigizwa na Henry B.J. Phiri, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyeibeba filamu. Namna anavyoruka kutoka lugha ya nyumbani kwenda Kiingereza cha ofisini, kutegemea anayezungumza naye ni mkubwa au mdogo kwake, ni kitu ambacho mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye foleni ya ofisi ya wilaya atakicheka hadi machozi. Filamu inazungumza Kinyanja, Kibemba, Kitonga na Kiingereza. Wakosoaji wa Ulaya waliisifu sana kwa picha zake. Uchekeshaji wake waliusoma chini ya skrini.

Nyoni aliondoka Zambia akiwa mdogo, akakulia Cardiff, Wales. Si mgeni katika tuzo hizi. Filamu yake fupi Mwansa the Great iliteuliwa BAFTA mapema katika muongo huo. Kabla ya kuandika I Am Not a Witch alikwenda kukaa kwenye kambi halisi ya wanawake waliotuhumiwa uchawi, nchini Ghana. Hapo ndipo ninapotaka msomaji anifuate polepole. Kambi za namna ile ni za kaskazini mwa Ghana. Luapula hakuna. Huku mtuhumiwa, mara nyingi mzee mwenye mvi, hapewi kambi. Hufukuzwa, hutengwa na ndugu, na wengine hupoteza nyumba au maisha. Sheria ya Uchawi ya Zambia, iliyoandikwa na wakoloni mwaka 1914 na ambayo bado imo kwenye vitabu, inamhesabu kuwa mkosaji anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Bado watu wanatajana.

Kwa hiyo Nyoni alichukua kambi ya Ghana, akaipanda katika ardhi ya Zambia na kuifanya fumbo. Ana haki hiyo, na fumbo lenyewe ni kali. Hata hivyo, mtu wa Nchelenge aliyeshuhudia bibi yake akinyooshewa kidole angeweza kuwa na la kusema kuhusu kubadilisha mapanga na mawe kuwa utepe mweupe unaopendeza machoni. Angeweza kusema filamu imewalainishia watazamaji wa mbali. Angeweza pia kusema kinyume chake, kwamba utepe ule ndio ukweli wenyewe, kwa kuwa anayetuhumiwa hata akiachwa hai hubaki amefungwa na kitu kisichokatika. Huo ndio mjadala unaofaa kuhusu filamu hii, na watu wenye uwezo wa kuufanya vizuri kuliko wote ndio ambao hawajaulizwa.

Bendera ya nani

Kwa nini ikawa ya Uingereza? Jibu liko kwenye stakabadhi. Fedha zilitoka taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, Film4 na mfuko wa filamu wa Wales. Tuzo aliyoishinda ni ya mwandishi, mwongozaji au mtayarishaji wa Uingereza. Wapinzani wake walikuwa The Ghoul, Jawbone, Kingdom of Us na Lady Macbeth, kazi za Waingereza watupu. Na kwa upande wa Oscar, kundi ambalo wakati ule liliitwa la lugha ya kigeni hupokea filamu moja tu kutoka kila nchi, nayo lazima ichaguliwe na kamati ya nchi husika inayotambuliwa na Akademi. Uingereza, ambayo kwa sababu ya lugha yake haina nyingi za kupeleka katika kundi hilo, ilichagua filamu ya Lusaka. Haikufika kwenye orodha fupi.

Iliyofika ni Félicité. Mwongozaji wake, Alain Gomis, ni Mfaransa mwenye asili ya Senegal na Guinea-Bissau. Alikwenda Kinshasa, akamchukua Véro Tshanda Beya, ambaye hakuwahi kuigiza filamu, akamfanya mwimbaji wa baa ambaye mwanawe amepata ajali ya pikipiki. Hospitali haimgusi mtoto kabla ya malipo. Sehemu kubwa ya filamu ni mama huyo akizunguka jiji kudai madeni, akisukumwa mlango hadi mlango, huku friji lake nyumbani limekufa na fundi anakuja na kuondoka. Ilipata tuzo kuu ya majaji Berlin Februari 2017, na mwezi uliofuata Farasi wa Dhahabu wa Yennenga kule Fespaco, Ouagadougou. Kisha Senegal ikaipeleka Oscar. Kinshasa, jiji la mamilioni ya watu na muziki usiolala, lilikwenda Hollywood kwa bendera ya Dakar.

Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba huu ni wizi. Si wizi. Gomis hakumnyang'anya mtu filamu, wala Nyoni. Aliyelipa ndiye aliyeandika jina lake juu ya bahasha, na aliyekuwa na kamati ndiye aliyeituma. Sisi tuliokosa vyote viwili tulibaki kupiga makofi.

Hata nchi zetu zenye kamati haziitumii kwa mazoea. Tanzania ilipeleka filamu Oscar mara ya kwanza mwaka 2001, Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Mara ya pili ilikuwa 2022, ilipopeleka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Kati ya hizo mbili imepita miaka 21, muda wa mtoto kuzaliwa, kusoma na kumaliza chuo. Kenya ilianza 2012 na Nairobi Half Life. Mwaka 2018, miezi michache baada ya msimu ninaousimulia, Kenya ilijikuta mahakamani kwa sababu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu: bodi ya filamu ilikuwa imeipiga marufuku, mahakama ikaifungulia kwa siku saba tu ili itimize sharti la kuonyeshwa nyumbani, na mwishowe kamati ikachagua kupeleka Supa Modo.

Kiswahili cha basi la Mandera

Watu Wote ina dakika 22. Katja Benrath aliiongoza kama kazi ya kumalizia masomo ya filamu mjini Hamburg, akiwa na waigizaji wa Kenya. Novemba 2014 magaidi wa al-Shabaab walisimamisha basi kaunti ya Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Desemba 21, 2015 walisimamisha jingine karibu na El Wak, wakaamuru vilevile. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwavua majirani zao alama za Ukristo, wakawafunika kwa hijabu, na wengine wakawaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu mmoja Mwislamu aliyepigwa risasi siku ile alifariki wiki chache baadaye.

Filamu inaifuata safari hiyo kupitia macho ya Jua, mwanamke Mkristo anayeogopa kila aliyekaa jirani naye, aliyeigizwa na Adelyne Wairimu. Haina mapambo. Nguvu yake ni kwamba woga wa Jua una sababu, na filamu haimkemei kwa huo woga. Machi 4, 2018 ilishindwa Hollywood na The Silent Child ya Uingereza, usiku ambao The Shape of Water ilitawazwa filamu bora na Kaluuya, aliyekuwa ameteuliwa kwa Get Out, alimwachia Oldman tuzo ya mwigizaji. Kaluuya alirudi kuichukua yake, ya mwigizaji msaidizi, mwaka 2021.

Sasa turudi ziwani, maana hapa kuna jambo ambalo majaji wa Hollywood hawangeweza kulijua. Mwezi uleule ambao Watu Wote ilikuwa ikitangazwa kuteuliwa, Januari 2018, wilaya ya Nchelenge ilikuwa inafungua makazi mapya ya wakimbizi yanayoitwa Mantapala. Tangu Agosti 2017 maelfu ya Wakongo walikuwa wakivuka kutoka majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, wakipokelewa kwanza kituo cha Kenani. Wengi wao walikuwa wakizungumza Kiswahili, kile cha Katanga. Walikuwa watu waliokimbia wenye silaha wanaouliza wewe ni wa kabila gani kabla ya kuamua kama utaishi. Katika mwezi ule, sijui ni wapi pengine duniani ambapo hadithi ya basi la Mandera ingeeleweka upesi kuliko hapo, bila kuhitaji mstari hata mmoja wa tafsiri chini ya skrini.

Kiswahili si kigeni huku, ingawa Lusaka wengi hudhani hivyo. David Livingstone alipofika katika ikulu ya Mwata Kazembe, kando ya maji ya Mofwe, Novemba 1867, alimkuta mfanyabiashara Mohamed bin Saleh amekwisha kukaa huko miaka mingi, akizuiwa kuondoka. Misafara ya pwani ilipita, ikaacha lugha na majina. Kisiwa kikubwa cha ziwa hili kinaitwa Kilwa na kiko Zambia. Mji ulio ng'ambo, upande wa Congo, nao unaitwa Kilwa. Msomaji wa Lindi asishangae. Kwenye soko la Kashikishi mnunuzi wa samaki aliyevuka kutoka Congo huanza kwa Kiswahili, muuzaji hujibu kwa Kibemba, na bei hupatikana.

Nani ataiona

Majumba makubwa ya sinema ya Zambia yako Lusaka na miji ya Copperbelt. Kutoka Nchelenge kwenda Lusaka kwa basi ni safari ya karibu siku nzima. Hapa filamu hufika kama zinavyofika sehemu kubwa ya kanda: kwenye kibanda cha video chenye mabenchi, au kwenye kadi ya simu inayojazwa na kijana mwenye kompyuta. Njia hiyo haina tuzo wala zuria jekundu, lakini ina watazamaji. Ndiyo iliyompeleka marehemu Steven Kanumba hadi mashariki mwa Congo, Burundi na Rwanda, ambako alipofariki Aprili 2012 watu walimlilia kama wa kwao. Hakuna kamati iliyomteua.

Nafikiri hapo ndipo penye tatizo, na pia penye njia. Filamu zinazotuhusu na zinazoshinda hazipiti kwenye vibanda. Zinazopita kwenye vibanda hazifiki kwa majaji. SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne Agosti 2019. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Tumetia saini kuhusu ushuru, mizigo, pasi za kusafiria. Kuhusu filamu moja kuvuka Ziwa Mweru kihalali, ikiwa na sauti ya Kiswahili au Kibemba, na mwenyewe akalipwa chochote, bado kila mtu anajitegemea.

Nyoni amerudi tena. Filamu yake ya pili ndefu, On Becoming a Guinea Fowl, ilimpa tuzo ya uongozaji katika kitengo cha Un Certain Regard kule Cannes mwaka 2024, akigawana na Roberto Minervini. Safari hii wahusika wanazungumza Kibemba pamoja na Kiingereza, kuhusu msiba wa mjomba na siri ambayo shangazi zote wanaijua na hakuna anayetaka isemwe. Mhusika mkuu, aliyeigizwa na Susan Chardy, anaitwa Shula kwa mara nyingine. Phiri yumo tena. Sehemu kubwa ya filamu inapita kwenye nyumba ya matanga: nani anapika, nani amekaa chini, mjane analaumiwa kwa lipi, ndugu wanagawana nini. Mtu wa Luapula hahitaji kuelezwa lolote kati ya hayo.

Mwishoni mwa Julai kila mwaka, Mwansabombwe, kusini mwa hapa, hujaa watu wa Mutomboko, sherehe ya Walunda wa Mwata Kazembe. Wanatoka Lusaka, Copperbelt na ng'ambo ya Luapula, Congo, ambako Walunda wenyewe walitoka. Ni watu wengi kuliko ukumbi wowote wa sinema nchini unavyoweza kubeba, na usiku hulala mapema au hunywa. Shuka nyeupe, jenereta, projekta na spika mbili vinatosha kuonyesha filamu ya saa moja na nusu, ikitanguliwa na ile ya dakika 22. Kinachobaki ni barua mbili za kuomba ruhusa, moja kwa wenye haki London, nyingine Hamburg. Julai ziwa huwa wazi, na waliovua mchana watakuwa na fedha ya kiingilio.